Udalali wa nyumba Dar es Salaam: mwongozo kamili kwa anayeanza, kutoka kijiweni hadi kwa Msajili wa Hati

Dar es Salaam hakuna mtaa usio na dalali. Yupo kijiwe cha bodaboda, yupo kwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu, yupo saluni, na siku hizi yupo zaidi mtandaoni, akitupia picha za nyumba ambayo hajawahi kuingia. Huyo wa mwisho ndiye anayeiharibia sifa kazi hii, na ndiye anayekuachia nafasi wewe unayeanza. Mpangaji hampi dalali malipo ya kodi ya mwezi mzima kwa sababu ya kuonyeshwa mlango, maana mlango angeuona mwenyewe akizunguka. Anatoa kwa sababu umeshaingia ndani kabla yake, unamjua mwenye nyumba, unajua maji yanatoka siku zipi na mvua ikinyesha yanaishia wapi. Dalali anayejua hayo analipwa bila ugomvi, na mpangaji wake wa leo ndiye anayemletea shemeji yake mwakani.

Haya ninayoandika ni ya Dar es Salaam. Ukiwa Mwanza, Arusha au Dodoma mengi yatakufaa, isipokuwa bei na mazoea ya mtaa utayajulia huko huko. Zanzibar wana sheria zao za ardhi, kwa hiyo sehemu ya kuuza usiipeleke visiwani.

Hatua ya 1: Chukua eneo dogo ulimalize

Jiji lina wilaya tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Anayesema "nafanya Dar nzima" maana yake hajui hata moja. Chukua kata moja au mbili unazoweza kuzizunguka kwa miguu.

Kila eneo lina mteja wake. Sinza na Kijitonyama wanakuja vijana wa maofisini wanaotaka chumba masta (chenye choo na bafu lake ndani) na jiko. Mbagala na Gongo la Mboto anayekuja mara nyingi anatafuta chumba na sebule kwa bei anayoimudu. Goba na Madale ni watu wa viwanja na nyumba za kununua. Masaki na Oysterbay ni kampuni na wageni. Tangu mwendokasi uanze mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, mteja wa njia ya Morogoro anaanza kuuliza kituo kabla ya kuuliza vyumba. Kigamboni nako, baada ya Daraja la Nyerere kufunguliwa mwaka huo huo, swali la mwenye gari ni tozo, la asiye na gari ni kivuko.

Nunua daftari gumu. Kwa kila mtaa andika maji ya DAWASA yanatoka siku zipi na kwa presha gani, nani ana kisima, barabara ipi haipitiki masika, kirikuu cha mizigo kinafika mlangoni au kinaishia barabarani, baa iko wapi na muziki unazimwa saa ngapi. Andika pia bei za kweli zilizolipwa. Zilizotangazwa hazikusaidii kitu, kwa sababu kati ya tangazo na malipo pana mazungumzo, na mazungumzo hayo ndiyo soko lenyewe.

Hatua ya 2: Karatasi zako mwenyewe

Kwetu Tanzania Bara udalali wa nyumba umekua kwa mazoea zaidi kuliko kwa sheria. Kenya wana Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, na bodi ya kuwasajili. Huku mtu anaamka asubuhi, anabandika namba yake ukutani, ameshakuwa dalali. Ndiyo maana karatasi chache zinakutofautisha haraka: namba ya mlipakodi kutoka TRA, leseni ya biashara kutoka halmashauri, na jina la biashara likisajiliwa BRELA. Mteja wa kampuni hatakulipa bila risiti ya kielektroniki, kwa hiyo ukitaka kufika Masaki anza nayo.

Ikumbukwe pia kwamba tangu Julai 2025 kuna amri ya serikali inayowazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, na uwakala wa mali zisizohamishika umo kwenye orodha. Mgeni akikuomba utumie leseni yako afanyie yeye kazi, kataa.

Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji. Siku mpangaji akitapeliwa na kishoka, yaani dalali wa uongo, watu wa kwanza kuulizwa "huyu mnamfahamu?" ni hao.

Hatua ya 3: Kupata nyumba za kupangisha

Hapa ndipo wengi wanapochukua njia ya mkato. Wanachukua picha kwa dalali mwingine, aliyezichukua kwa mwingine, na mteja akipatikana mnyororo wote unasimama getini kusubiri mgawo. Nyumba ya kodi 250,000 kwa mwezi, udalali ni 250,000. Mkiwa watatu kila mmoja anaondoka na kama 83,000, na bado mtagombana nani aliileta nyumba na nani alimleta mtu. Mnyororo haukwepeki siku zote, ila usiufanye ndiyo kazi yako. Nyumba yenye faida ni ile uliyopewa na mwenyewe.

Mwenye nyumba wa Dar mara nyingi ni mtu mzima, baba mstaafu au mama aliyejenga vyumba uani kwa mafao au kwa biashara ya miaka mingi. Huyo hukubali kwa adabu kwanza, biashara baadaye. Nenda jioni, jua likishapoa, usiende saa ya chakula.

"Hodi hapa."
"Karibu."
"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, karibu."
"Ahsante mama. Mimi naitwa fulani, kazi yangu udalali, nakaa mtaa wa pili hapo. Nimesikia mpangaji wa chumba cha nyuma anahama mwisho wa mwezi."
"Nyie madalali mimi siwataki. Aliyepita aliniletea mtu, kumbe kamwambia kodi laki mbili na mimi nimesema laki na nusu. Mpangaji kanichukia mpaka leo."

Ukisikia hivyo umeshafunguliwa mlango. Mwambie masharti yako: bei atakayoitaja yeye ndiyo utakayomwambia mteja, kodi atalipwa mwenyewe mkononi au kwenye simu yake, na udalali atalipa mpangaji. Kisha muulize anamtaka mpangaji wa namna gani. Wapo wasiotaka watoto wadogo, wapo wanaotaka familia tu, wapo wasiotaka pikipiki ilale varandani. Usimbishie, andika. Ukimletea mtu aliyeshasema hamtaki umepoteza siku ya watu watatu.

Jambo la cha juu nilimalize hapa hapa. Kumwongezea mteja bei kinyemela ndiko kunakowaua madalali wa nyumba. Hesabu yake inavutia: mwenye nyumba kasema 300,000, wewe unasema 350,000, mara miezi sita umeweka mfukoni 300,000 juu ya udalali wako. Lakini hao wawili wataishi geti moja. Siku karo la choo likijaa wataanza kuzungumzia nani alipie gari la kunyonya, mpangaji atasema "mama, kwa kodi hii ya laki tatu na nusu", na mama atauliza "laki tatu na nusu ipi?" Kuanzia hapo nyumba ile hutaipata tena, wala za wanakikoba wenzake.

Mkishakubaliana, andikianeni hata nusu ukurasa: nyumba ipi, kodi kiasi gani, kwa miezi mingapi, udalali nani analipa, na kwamba mteja uliyempeleka akirudi mwenyewe ndani ya muda mliokubaliana bado ni wako. Asiyependa kuandika mtumie ujumbe wa simu wenye mambo hayo, akujibu "sawa". Ujumbe huo utakusaidia siku watakapokuruka wakamalizana wenyewe.

Pia hakikisha anayekupa nyumba ana haki ya kuipangisha. Mpangaji wa nyumba ya Shirika la Nyumba la Taifa hawezi kukupa uipangishe upya bila idhini ya shirika, hata kama ameishi humo tangu utotoni. Msimamizi wa nyumba ya mtu aliye Muscat au Minnesota akupigie simu ya video na mwenyewe, umsikie akisema kwa mdomo wake bei na namba ya kupokelea kodi.

Hatua ya 4: Kuikagua nyumba

Nyumba nzuri kwa picha huumbuka ukiikagua kwa mikono. Nenda mchana, na ukiweza rudi usiku.

Anza na maji. Fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja uone kama moja linakufa. Gonga tenki usikie lina nini. Uliza pampu inatumia umeme wa nani, maana nyumba nyingi za wapangaji watano pampu imeungwa kwenye mita ya mmoja wao, naye amechoka.

Nenda kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Swali la kwanza: chumba kina mita yake au ni ya kuchangia? Kuchangia ndiko kunakozaa kesi nyingi za uani, kwa sababu mwenye friji na mwenye taa mbili hawatakubaliana kamwe. Kama mita ni ya pekee, chukua namba yake, nunua umeme kidogo kwa simu, usome risiti. Utaona kama kuna deni la zamani linalokatwa, na utaona kodi ya majengo. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU, na kuanzia Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa kila sakafu kwa ghorofa. Kisheria mdaiwa ni mwenye jengo. Kwenye mtaa anayekatwa ni anayenunua umeme, yaani mpangaji. Waambie wote wawili mapema, waamue kama atarudishiwa kwenye kodi au la.

Kisha kuta. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu, kuanzia chini hadi usawa wa goti, ina sababu yake. Pitisha kiganja. Ukihisi ubaridi, au rangi ikabanduka kama ganda, maji yameshapita hapo. Toka nje utazame ukuta wa jirani ambao haujapakwa rangi, utakuonyesha mstari. Mafuriko ya Desemba 2011 na ya miaka iliyofuata yameacha mistari kama hiyo kote bondeni mwa Msimbazi na vijito vyake, na serikali imekuwa ikiwalipa na kuwahamisha watu wa huko chini ya mradi wa Bonde la Msimbazi. Nyumba ya eneo hilo bei yake ni nafuu kwa sababu unayoijua. Mteja naye aijue.

Choo: karo liko wapi, limejaa lini mara ya mwisho, nani analipia. Milango: kitasa kimebadilishwa baada ya mpangaji aliyepita? Madirisha: kuna nondo, kuna nyavu? Taka, ulinzi na usafi wa uani ni shilingi ngapi kwa mwezi? Paa huwezi kulijua kiangazi, ila dari hukwambia, tazama madoa ya kahawia kwenye kona.

Usiku unaenda kusikiliza tu.

Hatua ya 5: Picha na tangazo

Fungua madirisha, washa taa, ondoa ndoo. Piga chumba ukiwa kwenye kona, piga choo, piga jiko, piga barabara ya kuingilia hata kama ni ya vumbi. Usipige namba ya nyumba wala geti kwa namna ya kumwelekeza mtu ajipeleke.

Tangazo liwe na mtaa, idadi ya vyumba, kodi na miezi, udalali, LUKU ya pekee au ya kuchangia, maji, na umbali. Kuhusu umbali tuheshimiane. "Dakika tano kutoka lami" imekuwa mzaha wa jiji, mteja anauliza dakika tano kwa ndege? Andika "bodaboda shilingi elfu moja" na kila mtu ataelewa.

Bei andika kwa shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutangaza au kudai malipo ya ndani kwa dola, na kodi ya nyumba imo, hata iwe ya baharini kabisa. Nyumba ikishachukuliwa futa tangazo siku hiyo hiyo. Anayepigiwa simu kumi akijibu "hiyo imeondoka ila nina nyingine" amewafundisha watu kumi kutomwamini.

Hatua ya 6: Kumsikiliza mteja na kugawa kwa saba

Mteja akipiga simu usikimbilie kusema "njoo uone". Muulize anafanya kazi wapi na anatoka saa ngapi, anakaa na nani, watoto wanasoma wapi, ana gari au pikipiki, anahamia lini, na kwa nini anahama alipo. Swali la mwisho lina utajiri. Anayehama kwa sababu ya maji usimpeleke nyumba ya bei nzuri isiyo na maji. Ataipenda Jumamosi na kukulaani Jumanne.

Halafu pesa. Dar wengi hulipisha miezi sita, wapo wa mwaka, na wa miezi mitatu hupatikana ukitafuta. Ukimuuliza mteja bajeti atakwambia "laki mbili na nusu", akimaanisha kodi ya mwezi, wakati mfukoni ana jumla fulani ambayo ndiyo ukweli. Uliza jumla. Toa gharama ya kirikuu cha kuhamisha vitu na vitu vidogo vya siku ya kwanza. Kinachobaki kigawe kwa 7 kama ni kodi ya miezi sita, maana ni sita ya mwenye nyumba na mmoja wa dalali. Kwa miezi mitatu gawa kwa 4, kwa mwaka gawa kwa 13.

Mfano: ana 1,500,000 na kuhama kutamla 100,000. Zinabaki 1,400,000, gawa kwa 7, anamudu nyumba ya 200,000. Yeye alikuwa anatazama za 250,000, ambazo zingemtaka 1,750,000 kabla hata hajabeba godoro. Ukimfanyia hesabu hii kwenye simu utaokoa jumamosi mbili za kuzunguka bure, na atakuamini kabla hamjaonana.

Hatua ya 7: Siku ya kuonyesha

Chagua nyumba tatu. Zikizidi hapo mteja anachanganya jiko la hii na choo cha ile. Anza na ya kati, kisha dhaifu, malizia na unayodhani itamfaa, na mwambie kasoro zake kabla hajaziona. Wapigie wenye nyumba asubuhi, maana kumkuta mama yuko na kanga moja anafua si heshima.

Hela ya usumbufu ina utata. Wengi hutoza kati ya elfu kumi na elfu thelathini ya kupelekwa, na vishoka wengine wanaishi kwa hiyo tu: wanawazungusha watu kwenye nyumba ambazo hazipo. Ushauri wangu, toza nauli halisi na useme kabla, au toza na uikate kwenye udalali akichukua nyumba. Usipokee chochote kabla ya kuonana. "Tuma hela kwanza nikutumie ramani" ni lugha ya matapeli, ukiitumia umejiweka kundi lao.

Ukimpeleka mteja mtambulishe kwa jina mbele ya mwenye nyumba: "Mama, huyu ndiye dada niliyekwambia, anafanya kazi hospitali." Sentensi hiyo moja inamfanya mama akumbuke nani alimleta.

Hatua ya 8: Kodi, mkataba na funguo

Mpangaji amlipe mwenye nyumba moja kwa moja, kwa benki au simu ili kumbukumbu ibaki, na akulipe wewe chako kando. Usishike kodi ya watu hata kama mama yuko Tanga msibani na ameomba umpokelee. Hela ya "kuishikilia nyumba" nayo aishike mwenyewe, kwa maandishi, yenye tarehe ya mwisho na maelezo ya itakuwaje mteja akighairi.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kinachowalinda hao wawili kwa sehemu kubwa ni mkataba wao, kwa hiyo mkataba wa kununua dukani wenye nafasi za kujaza hautoshi. Uandikeni vizuri: majina kama yalivyo kwenye vitambulisho vya taifa, kodi na muda, notisi ya kuhama na ya kupandisha kodi, nani anatengeneza nini, karo, kodi ya majengo ya kwenye LUKU, na kama mpangaji akihama kabla ya muda anarudishiwa au la. Mkataba wa pango una ushuru wa stempu wa asilimia 1. Mpangaji akiwa kampuni, itakata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango na kuipeleka TRA. Mwambie mwenye nyumba mapema, asije akadhani wewe ndiye uliyeichukua.

Nakala za vitambulisho unazobaki nazo zitunze au zifute. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakugusa na wewe, na kitambulisho cha mteja kikionekana kwenye kundi la madalali umekwisha.

Siku ya funguo pita na wote wawili chumba kwa chumba, mpige picha kila kasoro, na picha ya mita ikionyesha uniti zilizobaki.

Hatua ya 9: Kuuza nyumba

Usiruke kuja hapa mwezi wa kwanza. Pango likienda vibaya mtu anapoteza miezi sita, ila mauzo yakienda vibaya mtu anapoteza jasho la maisha yake, na jina lako liko kwenye karatasi.

Tambua kwanza nini kinauzwa. Ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mtu haki ya kumiliki kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Karatasi utakazoonyeshwa mtaani ni za aina nne. Ipo hati miliki. Ipo barua ya toleo, ambayo watu huiita ofa, ya mtu aliyegawiwa kiwanja ila hakumalizia hati. Ipo leseni ya makazi, inayotolewa kwenye maeneo yasiyopimwa kwa muda mfupi na huhuishwa. Na ipo karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, ambayo inaonyesha kwamba watu walikubaliana lakini haithibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. Nyumba inayosimama juu ya hiyo ya mwisho inauzika, na zinauzwa kila siku, ila bei yake na tahadhari zake ni nyingine kabisa.

Kama kuna hati, omba nakala na mfanye upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Majibu yataonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio la mtu au la mahakama. Fanyeni upekuzi kabla ya malipo ya awali, na mrudie siku chache kabla ya kumalizia, kwa sababu zuio linaweza kuingia katikati. Kama kuna ofa au eneo lenye mchoro wa mipango miji, nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri muulize jalada, kisha mpimaji aende kutazama bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili si hadithi katika jiji hili.

Muuzaji akiwa na mwenzi wa ndoa, ridhaa yake iwe ya maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe na mmoja bila ridhaa ya mwingine. Kukaa kikao na mume peke yake, mke akiwa jikoni na hajaambiwa chai ni ya wageni gani, ni kujitafutia kesi. Mwombe aitwe, muulize mbele ya wote.

Nyumba ya urithi ina utaratibu wake. Kaka mkubwa si mmiliki kwa sababu ya ukubwa, wala muhtasari wa kikao cha ukoo haumpi mtu mamlaka ya kuuza. Anayehitajika ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua zake uzisome. Juu ya hapo wajue warithi wengine, hata kwa simu, hasa yule aliye mbali ambaye kila mtu anasema "huyo hana neno".

Tazama na mahali nyumba ilipo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipeleka hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na kuna maeneo ambako ni pana zaidi. Waliobomolewa Kimara hadi Kiluvya mwaka 2017 wanalijua hilo. Alama ya X nyekundu ukutani ina maana mmiliki hatarajiwi kulipwa fidia, ya kijani anatarajiwa. Mita 60 kutoka baharini, mtoni na ziwani zina katazo lake kwenye Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Anayenunua sehemu ya ghorofa naye asiuziwe "fleti" kwa mdomo, auziwe hati ya sehemu ya jengo chini ya sheria ya mwaka 2008. Na mnunuzi asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi kama raia, mlango wake ni wa uwekezaji na una masharti, ampate wakili kabla ya kutoa senti.

Bei ikibishaniwa leteni mthamini aliyesajiliwa. Wewe unajua soko la mtaa, yeye ana mamlaka ya kuandika thamani, na ripoti yake itahitajika kwenye kodi za TRA. Mkataba lazima uwe wa maandishi, usainiwe mbele ya wakili. Malipo yaende benki kwa awamu zinazofuata hatua za karatasi. Gharama zigawanywe wazi: kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, kwa mkazi mwenye kumbukumbu ni asilimia 10 ya faida, na asiye na kumbukumbu aende TRA aambiwe anavyokadiriwa. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 na kwa kawaida hubebwa na mnunuzi. Kodi ya pango la ardhi, ile mmiliki anayolipa serikalini, iwe imelipwa yote kabla ya uhamisho, kwa hiyo omba risiti siku ya kwanza kabisa.

Utasikia pia "asilimia kumi ya serikali ya mtaa". Haina msingi kwenye sheria za ardhi. Mwenyekiti anaweza kuwa shahidi kwamba anawafahamu watu hawa, lakini muhuri wake hauhamishi umiliki. Mweleze mteja wako hivyo kwa upole, mbali na ofisi, maana wewe utabaki kufanya kazi mtaa huo.

Kamisheni ya mauzo huanzia asilimia 5 midomoni mwa madalali na hushushwa hadi 3 nyumba ikiwa ya bei kubwa. Iandikwe ndani ya mkataba wa mauziano wenyewe, jina lako na kiasi, ili wakili alipe kutoka kwenye fedha zile zile. Mimi hupendekeza nusu ilipwe mkataba unaposainiwa na malipo ya kwanza yakishaingia, na nusu siku hati inapotoka kwa jina la mnunuzi. Muuzaji akibisha kwamba nusu ya pili ni mbali, ndivyo ilivyo, na ndiyo maana utakuwa wa kwanza kufuatilia jalada lake.